Tembo Avaa Viatu

Gari la mzee Didace halikuwa gari la kupita nalo mbele ya askari. Lilizaliwa Landrova, lakini kwa jinsi alivyolitengeneza mwaka hadi mwaka chini ya turubai, pale Kasekese, lilikuwa limeacha kufanana na ndugu zake. Alilinyanyua kwa springi za lori, akalivika matairi mapana yaliyotokeza nje ya madigadi kama masikio, na juu ya paa akafunga taa kali za kumulikia porini. Watu wakaliita Tembo. Masika yakifika na udongo mweusi ukageuka uji, magari mengine hulala njiani. Tembo hupita akinguruma, amebeba mahindi, wagonjwa, na mara moja mbuzi wa ubatizo aliyekula kiti.

Emelyne, binti yake wa mwisho, alizaliwa ndani ya gari hilo. Mama yake, Lidia, alikuwa akikimbizwa zahanati, mtoto akaona njia ni ndefu. Basi akakulia kando ya gari, msichana wa maneno machache. Baba akiwa uvunguni alinyoosha mkono tu, naye Emelyne akamwekea spana inayotakiwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Sasa alikuwa anaolewa na Venant, seremala wa Ilembo, na ndoa ingefungwa mjini Mpanda katikati ya masika. Upande wa bwana harusi walikwisha kutafuta gari dogo jeupe, lakini matope ya Kasekese lisingeyaweza. Mshenga, mzee Stanslaus, akaleta mpango: Tembo amlete bibi harusi hadi lami inapoanza, hapo ahamie kwenye gari jeupe.

"Na mimi?" Didace akauliza.

"Wewe utadandia gari la wanakwaya, mzee mwenzangu. Hilo dude lako polisi hawalitaki mjini."

Emelyne alimwona baba yake akifuta mikono kwa tambara, na mikono ilikuwa safi. Alitamani kusema kwamba hataki kufikishwa kanisani na gari la mtu mwingine, ila mbele ya wageni akaishia kukusanya vikombe.

"Basi Tembo atakaguliwa," Didace akasema. "Akipita, nampeleka mwanangu mpaka mlango wa kanisa."

Wakaenda, baba na binti, hadi lami inapoanza, mahali ambapo askari wa usalama barabarani hukagua magari yanayoingia mjini. Afande Mariana alimzunguka Tembo mikono nyuma.

"Baba yangu, hili ni gari au ni trekta lililosoma?"

"Ni gari, afande. Limenenepa kidogo."

"Na hiki si kioo cha kunyolea?"

"Kinaonyesha nyuma."

"Kinaonyesha ndevu! Haya, piga honi."

Didace akatoa chini ya kiti pembe ya ng'ombe, zawadi ya jirani yake Msukuma, akaitoa nje ya dirisha na kuipuliza. Ng'ombe waliokuwa wakilishwa bondeni wakainua vichwa wote. Afande Mariana akageukia upande mwingine, mabega yakimtikisika, hata alipogeuka tena uso ukawa wa kazi.

"Vitu vidogo utarekebisha. Tia vioo vya gari na honi ya umeme. Taa za paa zifunike ukiwa barabarani, zinawapofusha wenzako. Mashaka yangu ni matairi. Yako nje ya madigadi, yakirusha jiwe linampata wa bodaboda. Rudisha yale ya kiwandani, hata huo urefu utapungua. Bila hivyo halikanyagi lami."

"Nikirudisha yale membamba, halitoki Kasekese."

"Najua, baba. Matope yana sheria yake, na lami ina yake. Mimi nimewekwa kwenye lami."

Wakageuza gari. Kabla hawajaiacha lami mbali, Didace akasema, macho yakiwa njiani, "Mwana wanje, mwanangu, nitakushusha pale lami inapoanza. Si vibaya. Hata hapo ni mbali."

Mbele yao, kando ya kalavati, pale tope linapoishia, shangazi Dorotea alikuwa ameketi juu ya jiwe, safarini kwenda mjini. Alivua mabuti yaliyojaa tope, akaosha miguu kwa maji ya kidumu, akatoa kwenye mfuko viatu vyeupe. Mabuti akayatundika mtini, yamsubiri. Masika yote watu wa Kasekese hufanya hivyo, na hakuna anayeiba mabuti ya mwenzake.

"Baba, simama."

"Kuna nini?"

"Shangazi. Mtazame miguu."

"Naiona. Imefanya nini?"

Emelyne akaonyesha viatu vyeupe. "Tembo naye avae viatu akifika lami. Tuvibebe juu ya paa. Nataka unifikishe wewe, baba. Hadi mlangoni."

Didace akazima gari. Akaichukua pembe na kuipuliza mpaka shangazi Dorotea akaangusha kiatu majini.

Magurudumu ya zamani, yale membamba ya kiwandani, yalikuwa nyuma ya jiko, kuku wanatagia humo.

"Na kuku wangu walale wapi?" Lidia akafoka, huku yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuyasugua.

Siku ya harusi Tembo alitoka matopeni akiwa amebeba magurudumu kichwani. Gari jeupe lilikuwa limekwisha fika.

"Bibi harusi, panda twende, padri anangoja!" dereva wake akaita.

"Ngoja na wewe," shangazi Dorotea akamjibu. "Hapa ni ikibiri."

Ikibiri ni ule msaragambo wao wa kulima, leo kwangu, kesho kwako. Wanawake wakafunga kanga juu ya magauni. Mwingine jeki, mwingine jiwe la kuzuia, wanakwaya wakaanza wimbo wa jembe. Nati moja ikagoma. Didace akalala chini na suti yake, akanyoosha mkono bila kutazama, na spana inayotakiwa ikatua kiganjani. Hakuuliza imetoka kwa nani. Aliiona ncha ya shela.

Afande Mariana akachuchumaa, akapitisha kiganja kando ya madigadi. "Yako ndani. Honi?"

Didace akabonyeza. Honi mpya ya umeme ikalia kama kifaranga. Watu wakatazamana kwa huzuni.

"Na ile nyingine mmeiacha nyumbani?" afande akauliza.

Lidia akaichomoa ndani ya kitenge.

"Sijaona kitu," afande akasema, akitazama mawingu. "Nendeni, mtachelewa."

Matairi mapana yakabaki chini ya mti, pamoja na mabuti ya watu. Tembo akakanyaga lami, gari jeupe likifuata nyuma tupu. Didace aliendesha polepole, bodaboda zikimpita, hata baiskeli yenye mkaa ikampita.

"Baba, tutachelewa," Emelyne akasema.

Baba yake akamtazama kwenye kioo kipya, kisha akatazama mbele. "Lami hii waliijenga fupi mno, mwana wanje," akasema, na hakuongeza mwendo.