Alasiri Iliyotiwa Kwenye Madebe

Jumatatu moja ya Januari 1970, Wanu alimaliza kulehemu vibao vinne vya redio za shule, akaanza kutafuta vifaa vya vipaza sauti viwili vya msikiti. Baada ya hapo zilikuwa zikisubiri simu tatu za upepo za bandarini. Karakana hiyo ya Mji Mkongwe haikuwahi kuagizwa vitu kumi vinavyofanana. Kila kazi ilipobadilika, mafundi walirudisha vifaa makoponi, wakapangusa meza, wakatafuta vifaa vingine, wakahesabu, wakakosea, wakahesabu tena. Ilichukua saa moja na robo, na kwa siku kazi ilibadilika mara tatu.

Msimamizi, Bwana Silima, aliwakusanya uani, akawataka wapunguze muda huo.

"Muda mtakaouokoa ni wenu," alisema. "Mtarudi nyumbani jua lingalipo."

Wanu aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Mama yake, Bi Tabia, alikuwa akipoteza macho. Aliona kwenye jua tu. Likizama, naye alikuwa kizani, taa au bila taa. Wanu aliondoka nyumbani Kikwajuni kabla ya alfajiri na kurudi baada ya magharibi, na siku ya mapumziko ilikuwa imefutwa mpaka redio zitosheleze. Kwa miezi kumi na minne Bi Tabia alikuwa akiisikia sauti ya mwanawe bila kumwona uso. Daktari alisema macho hayo hayatafika masika.

Mchana Wanu alikwenda kula urojo kwa Bi Sichana, kwenye kichochoro cha nyuma. Mteja mmoja alitaka mbatata bila pilipili, mwingine bajia tupu, wa tatu kila kitu na chatne juu. Bi Sichana alimpa kila mtu bakuli lake, wala hakunyanyuka.

"Bi Sichana, mbona hunyanyuki?"

"Nikinyanyuka, mteja kenda zake. Nshapanga vyote toka asubuhi."

Kesho yake Wanu akapanga vifaa vya kila kazi kwenye visahani. Yeye akiwa analehemu redio, Mzee Jivraj, fundi mwenzake, alikuwa akimtayarishia visahani vya vipaza sauti. Redio ya mwisho ilipoondoka mezani, visahani vya kazi nyingine vikakaa mahali pake. Wapo waliosema haraka haraka haina baraka. Kubadilisha kazi kukachukua dakika tisa.

Jioni hiyo walikuta muda uliookolewa uko stoo, juu ya magunia. Ulikuwa umegeuka alasiri yenye urefu wa saa tatu na zaidi, rangi ya samli, yenye joto la kiasi. Adhana ya magharibi ililia na alasiri ile haikufifia. Jivraj aliipima kwa saa yake ya mfukoni, akaitia kwenye madebe matatu, akafunika ili isimwagike.

Bwana Silima akayapakia madebe garini. Alisema stoo ina panya. Akaagiza kazi ziongezwe, kutoka nne kwa siku hadi tisa, kwa kuwa sasa nafasi ipo. Wanu akatoka magharibi, kama jana.

Baada ya wiki tatu za madebe kama hayo, nyumba ya Silima huko Kiembe Samaki ilikuwa haizamiwi na jua mpaka baada ya isha. Kuku wake walichelewa kulala. Mkewe alianika nguo saa moja na nusu za usiku. Sheikh wa mtaa alifikiri sana, kisha akaamua kwamba sala ifuate adhana, si ua wa Silima.

Wanu alimwendea ofisini.

"Bwana Silima, ulisema muda ni wetu."

"Ni wenu, Bi Wanu. Nakuwekeeni tu."

Wanu aliumia, akarudi kwenye visahani vyake.

Siku tatu kabla ya masika, alimchukua mama yake baada ya kazi, wakapanda basi hadi Kiembe Samaki. Kwenye lango la Silima palikuwa na upenyo, na alasiri ilitoka hapo upana wa mlango mmoja. Mafundi na wazee wao wasioona gizani walikuwa wamepanga foleni. Kificho, mlinzi, alimpa kila mzee dakika tano, lakini kati ya mzee na mzee tatu nyingine zilipotea: mzee ashikwe mkono, afute miwani, afunue ushungi, atafute pa kusimama.

Wanu hakuweza kuvumilia. Aliwapanga. Huyu akiwa anatazama, anayefuata ameshafuta miwani, wa baada yake ameshafunua ushungi. Kila mzee akaanza kuona pale pale alipofika.

Zamu yao ilipofika, Bi Tabia alisimama kwenye mwanga, akamtazama mwanawe dakika nzima.

"Huyu nani?"

"Mimi, mama. Wanu."

Bi Tabia alimpapasa shavu, kama ajuavyo kumtambua gizani, akarudi kutazama.

"Mwanangu, ushaota mvi," alisema. Akatumia dakika zilizobaki kuzihesabu.

Foleni ilimalizika robo saa mapema. Kificho aliikusanya robo saa hiyo kwenye debe, akaifunika vizuri, akaiingiza ndani na kufunga lango. Wanu akamshika mama yake mkono, wakaelekea kituoni.