Mbegu za Dume Jekundu

Nilikuwa nimepima mbegu za madume ya ng'ombe kwa hadubini miaka kumi na miwili, ndipo mdogo wangu akaja na shahada yake kuwa mkuu wa utafiti katika kituo chetu cha mifugo. Yeye akaitwa Daktari, mimi nikabaki "dada yake Daktari". Roho iliniuma.

Asubuhi moja alidondosha mbegu za dume jekundu kwenye kioo baridi. Nikaona, nikanyamaza, ingawa nilijua baridi huzifanya mbegu nzima zionekane zimekufa.

"Dada, hazisogei," alisema. "Huyu hafai, aende machinjioni."

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilitaka aumbuke.

Lakini lori la machinjioni lilipofika, nilimwona mchunga ng'ombe wetu akimfuta dume yule matope mgongoni, nikashindwa kuvumilia. Nilipasha kioo moto kidogo, nikaweka tone lililobaki, nikamwita mdogo wangu. Mbegu zilikuwa zinakimbizana.

"Kumbe kioo kilikuwa baridi! Uliona asubuhi?"

"Niliona."

 Akawageukia wenzetu: "Dada ndiye aliyemwokoa dume huyu."

Wakanipigia makofi. Nikamwonea wivu mdogo wangu kuliko mwanzo, maana hata kusamehe alikuwa amenizidi.