Siku Manyunyu Alipofunga Mdomo

Naapa kwa sahani yangu ya bwenini: maji sikutia. Nimewahi kutia chura kwenye buti la kiranja na chumvi kwenye chai ya walimu, na hayo nimeyakiri kwa maandishi. Lakini flaski ya magnesi sikuichezea.

"Mara mbili imegoma kuchemka!" alifoka mwalimu wa kemia. "Magnesi, etha, bromobenzini, vyote vikavu! Tone moja tu la maji linaharibu kila kitu, na mtundu hapa ni mmoja. Leo ikigoma tena, utasugua vyoo mpaka muhula uishe."

"Mwalimu, haki ya Mungu..."

"Nyamaza!"

Neno hilo lilitua shavuni mwangu likiwa limelowa. Hapo ndipo nilipomjua mhalifu. Mwalimu wetu, ambaye bweni zima humwita Manyunyu, hawezi kutamka "bromobenzini" bila kunyesha. Na kila tulipojaza flaski, yeye aliinama juu yake akihubiri umuhimu wa ukavu.

"Mwambie," nikamnong'oneza Kijiko, mwenzangu wa meza.

"Mwambie wewe. Mimi bado naipenda shule."

Nikatoa mfukoni tofi, ile ngumu ya kung'oa meno. "Pokea, mwalimu. Ya kuomba radhi."

Akaitazama kwa shaka, akaitia mdomoni. Meno yakagandana. Kwa ishara za mikono akatuamuru tuendelee.

Kijiko akatoa flaski kwenye oveni, ikapoa. Tukatia magnesi, etha, bromobenzini, na punje ya iodini ya kuiamsha magnesi usingizini. Mchanganyiko ukawa wa kahawia. Tukangoja. Niliviona vyoo vyote kumi na viwili, kimoja kimoja.

Mara rangi ikafifia. Ukatanda ukungu wa kijivu, na etha ikaanza kuchemka yenyewe, bila moto!

"Mmmh! Mmmmh!" Mwalimu alirukaruka mpaka tofi ikabanduka. Akainama juu ya flaski. "Bromo..."

Nikajitupa katikati. Nililipokea neno zima usoni, kwa ajili ya sayansi.

"Mikono ni ileile, na leo imechemka! Kumbe hukuwa wewe!" akasema. "Sasa nani alikuwa anatia maji?"

Nikatoa leso, nikajifuta uso polepole, kwa heshima zote.

Akaitazama leso. Akaitazama flaski. Ilibaki kazi ya kumimina mchanganyiko juu ya barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, na kazi hiyo pia haitaki unyevu. Mwalimu akafumba mdomo, akaninyooshea kiganja, akaomba tofi nyingine.