Clement Mbele ya Mwamba Mwekundu

…na kofia hajavaa, nimemwambia Gladness mara ngapi, baba yako asisimame juani kichwa wazi, na huyo hapo kwenye simu yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sabuni juu ya meza ya kukunjia nguo, hapa Hagsätra, Stockholm, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, ni saa kumi na moja jioni na mashine ya kukaushia inazungusha mashuka yangu, kule jangwani Amerika ndiyo kwanza saa tatu asubuhi, mume wangu, miaka sitini na minane, amesimama kando ya kituo cha mafuta ameutazama ukuta wa mwamba, mwekundu jamani, mwekundu kama udongo wa kwetu Karagwe mvua ikishakatika, ila huu umesimama wima, mrefu kuliko jengo letu lote, na kamji kenyewe chini yake kadogo, duka, mgahawa, nyumba za kuhesabika… walisimama kutia mafuta tu, kahawa halafu safari, sasa saa nzima imepita, "Mama, baba amegoma kuingia garini," ananiambia Gladness, mwanangu, ndiye anayeendesha, safari yenyewe ni zawadi yake kwa baba kustaafu, "anataka tukae siku mbili aone na mabonde ya huko nyuma, na Jumatano ana miadi ya moyo, snälla, mama, nakuomba, mwambie wewe, wewe anakusikiliza," ananisikiliza, ndiyo, hilo ndilo linaloniuma, mwaka wa tisini na moja alinisikiliza, nilikuwa nimefika Stockholm na Gladness mgongoni, chumba kimoja cha wanafunzi, theluji dirishani, yeye amebakiza mwaka mmoja amalize udaktari wake wa jiolojia, nikamwambia Clement, mtoto anakua, tafuta kazi ya kueleweka, na wala hakubisha, alifunga madaftari akayatia sandukuni, akaenda kuomba kazi ya kuendesha treni za chini ya ardhi, akaziendesha miaka thelathini, humo humo ndani ya mwamba, lawama sikusikia hata siku moja, ila Jumapili tukishuka kwenye kile kituo walichoacha kuta za mawe tupu angeweka kiganja ukutani, kidogo tu, kama anamsalimia jamaa, nami ningesema twende baba, tutachelewa misa… mwezi wa tatu alianguka kwenye ngazi zetu, viazi vikabingirika mpaka mlangoni, nikamkuta midomo ya kijivu, daktari akasema moyo unaruka mapigo, awekewe kifaa kidogo chini ya ngozi, si dharura lakini kisicheleweshwe, kusafiri anaweza, milima asipande, na hiyo Jumatano niliipigania, nesi miaka ishirini na tano, najua simu inapigwa saa ngapi na anaombwa nani, akiikosa ni Septemba, basi neno liko mdomoni, ingia garini, Clement, maneno matatu tu… "Mama, titta, hebu mwangalie kwanza," Gladness anasogeza simu, sauti ya Clement inaingia, "unaiona hii mistari iliyolala mshazari, haya yalikuwa matuta ya mchanga, upepo ulikuwa unayasukuma, ukitokea kule," anainua mkono anaonyesha upande, kana kwamba upepo ulipita jana, "upande wa tuta unaporomoka, unafunikwa, unagandamana, na wekundu huu ni kutu tu, chuma kimekutana na maji," halafu anageuka anayarudia kwa Kiingereza, kumbe pana watu, mwanamume na mkewe na vikombe vyao vya kahawa, wameacha gari mlango wazi, wanamsikiliza, na mkono wake hautetemeki, mkono unaomwaga chai yangu kila asubuhi hautetemeki kabisa, na sauti hiyo naijua, ndiyo aliyokuwa nayo enzi za uchumba, aliponipandisha kilimani akanishikisha jiwe jeusi akaongea mpaka jua likatufika utosini, sikuelewa kitu, nilitazama mdomo wake tu nikasema moyoni ni huyu… mlango unafunguka, Hortense wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa Bukavu, kikapu kiunoni, anachungulia simu, "Mama Gladness, ule ni bwana yako? Mon Dieu, anasema kama profesa," nami najibu haraka, "ni dereva wa treni," na nikishasema najisikia nilivyosema, maneno yamekaa hewani pale kati ya mashine, nasema tena, polepole, "hapana, Hortense, mume wangu ni mtaalamu wa miamba," mara ya kwanza hiyo kwa kinywa changu, tangu nije nchi hii… "Baba, mama yuko hapa," anaita Gladness, na Clement anageuka, uso unang'aa vumbi na jasho, ananiona, na ule mwanga unashuka, naushuhudia unashuka, "nakuja, Brigitha," anasema, "naingia garini," kabla sijafungua mdomo, Mungu wangu, kabla sijafungua mdomo, na tayari anatafuta mlango wa gari kwa mkono… "nani kakwambia uingie garini," sauti imenitoka kali kuliko nilivyotaka, "Gladness, tafuteni pa kulala, kaeni hizo siku mbili, mpeleke mabondeni polepole, asipande kitu, ya Jumatano niachieni mimi, kesho asubuhi nawaganda mpaka wanipe siku nyingine," Hortense ameweka kikapu chini, na najua naweza kuwa nimekosea, nesi mimi, najua kabisa, moyo ule unaweza kuruka pigo hata sasa hivi, lakini nimeona mkono usiotetemeka, na simu sikati, nasogeza uso karibu, "Clement, na ule ukanda mweupe, kule juu kabisa, ule ni nini?" miaka thelathini na sita ya ndoa na sijawahi kumuuliza swali la jiwe, hata moja, ananitazama kama ananiona nikishuka kwenye ndege, mashine inazunguka, mashuka bado mabichi, na anaurudia mwamba, anavuta pumzi, "ule umekuja baadaye sana," anasema, "subiri, mama, nianzie chini," na anaanzia chini.