Gololi Ndani ya Mota

Kasian, mwenye mashine ya kusaga mjini Iringa, aliingia bandani saa nne asubuhi.

"Kamwene, fundi. Mota inazunguka?"

"Bado, mzee. Inanguruma tu."

"Hata dume langu la ng'ombe linanguruma, na halijanisagia debe hata moja. Saa sita ikifika bado inanguruma, nauza chuma hiki, narudi kwenye dizeli. Na dizeli ina fundi wake."

Fundi Kalinga alielewa: mota isipozunguka, hana kazi. Ilikuwa imeungua, naye akaisuka upya koili zote akisaidiwa na mkewe Esta, msusi wa vikapu, ambaye vidole vyake vililaza waya vizuri kuliko vya mumewe.

Alichomoa rota, ile sehemu ya katikati inayozunguka, akaweka gololi ya chuma ndani ya gamba lenye koili, akapitisha umeme kidogo. Gololi ilipaswa kukimbia duara. Nyaya tatu huleta umeme kwa kupokezana: koili za kwanza zikifikia kilele, za pili hufuata, kisha za tatu. Hivyo mvuto wa sumaku huzunguka, ingawa koili zenyewe hazisogei.

Gololi ilitetemeka, ikaruka, ikarudi.

"Inacheza kama mlevi," Esta alisema.

"Kundi moja la koili linavuta kinyume. Wewe ulisuka lipi, mama Timotheo?"

"La tatu."

"Ulikaa wapi?"

"Mbele yako, uso kwa uso. Kwani kikapu kikubwa wanawake wawili wanakisukaje? Wapeane migongo?"

Kalinga aliangua kicheko. Kulia kwa Esta kulikuwa kushoto kwake. Waya ulikuwa mzima. Ila ncha ya kuanzia ilikaa mahali pa ncha ya kumalizia. Hakufumua kitu. Alizima umeme, akabadilisha ncha hizo mbili, akawasha.

Gololi ilikimbia ukutani mwa gamba, raundi baada ya raundi, bila kusita.

Kasian aliinama. "Nani anaisukuma?"

"Hakuna, mzee. Inafuata sumaku."

"Sumaku yenyewe iko wapi?"

"Imeshapita hapo unapotazama."

Kabla ya saa sita rota ilikuwa imerudishwa, mkanda umefungwa, na unga unamwagika. Kasian aliushika, akaunusa, akamtuma mtu amwambie fundi wa dizeli asije.

"Jumatatu uanze kazi," alimwambia Kalinga.

"Tuanze," Esta alisema.

Kasian alitazama mota, akatazama vidole vya Esta, akaitikia kwa kichwa.