Tambiko la Nyasi Mpya

Nguruwe alikuwa anatabasamu, na Guk Byeong-tae, Mwenyekiti wa chama cha wahitimu, aliridhika. Alikuwa amezunguka sokoni asubuhi nzima akitafuta kichwa chenye tabasamu, maana kichwa kilichonuna, alisema, huleta mkosi. Sasa kichwa kilikaa juu ya meza ya tambiko mbele ya goli la kaskazini la Shule ya Msingi Solbat, kikitazama kusini kama inavyotakiwa, pua juu, kama vile chenyewe ndicho kilichowaalika wageni.

Mwalimu Ma Yeon-suk, kocha wa timu ya wasichana, alisimama nje ya kamba pamoja na wachezaji wake. Kamba ilifungwa na Mwalimu Mkuu Bong. Viatu vya mpira vina meno, alieleza, vitaumiza nyasi kabla hazijazinduliwa. Wageni rasmi walikuwa wamepita juu ya nyasi hizo hizo na viatu vya ngozi, na mke wa mwenyekiti na visigino vyembamba kama misumari, na hakuna aliyeona kilichoumia. Yeon-suk aliona. Alikuwa na ugonjwa wa kuona mambo kama hayo, na hakutaka kuutibu.

Zulia la zamani la nyasi bandia lilikuwa limeota upara, na kila aliyeteleza aliliachia ngozi ya magoti. Tangu ling'olewe, wasichana walifanyia mazoezi kwenye maegesho, kati ya gari la mwalimu mkuu na mapipa ya taka. Leo ndiyo mechi yao pekee ya nyumbani, na Kocha Tak alikuwa anakuja. Huyu Tak alifundisha shule ya sekondari pekee ya upande ule yenye timu ya wasichana, na kesho alikuwa anafunga usajili. Asipomwona Dan-bi, mfungaji wao tegemeo, akicheza leo, Dan-bi angetundika viatu akiwa na miaka kumi na miwili.

"Mwalimu, mechi si saa sita?" Dan-bi aliuliza.

"Saa sita."

"Na hawa wanamaliza saa ngapi?"

"Huyo ni wa nne kuhutubia. Wote wana neno lile lile, ila kila mmoja anataka kulisema kwa mdomo wake."

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Sisi tulicheza kwenye vumbi, pekupeku! Leo watoto wetu wanakanyaga zulia!" Watoto wao walikuwa nyuma ya kamba.

"Hivi huyu baba aliwahi kucheza mpira kweli?" So-mi, golikipa, alinong'ona.

"Benchi alilikalia vizuri sana. Haya, pigeni makofi."

Wakapiga. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu: chama chake cha wahitimu ndicho kilichochangia nyasi.

Kisha akasoma dua, akimwomba mzimu mwenye ardhi aulinde uwanja. Yeon-suk aliwaza kwamba kama mwenye ardhi anasikia kupitia plastiki, chembe za mpira na kokoto, basi ana masikio makali. Dua ikiisha kusomwa, karatasi yake huchomwa, maneno yapande na moshi. Mwenyekiti aliiwasha kwa mshumaa, akaishika hadi moto ukamkaribia vidole, halafu akaiachia ianguke, kama alivyofanya kwenye msingi wa kila jengo alilowahi kujenga. Siku zote udongo ulimeza majivu. Lakini hapa hapakuwa na udongo.

Kwanza ilikuja harufu. Kisha nyasi zikaanza kujikunja na kuyeyuka.

"Maji! Leteni maji!" Mwalimu Mkuu alipiga kelele.

Maji hayakuwepo. Kulikuwa na pombe ya mchele ya tambiko, wakaimwaga yote. Moshi ulipotulia, pale palipokuwa na alama ya penalti palibaki shimo jeusi la ukubwa wa sahani.

"Uwanja umefungwa!" Mwalimu Mkuu alitangaza. "Hakuna kukanyaga mpaka fundi aje!"

"Sawasawa," Mwenyekiti alisema, akijifuta masizi. "Hao watoto na viatu vyao vya meno watatumalizia nyasi."

Getini, basi la timu pinzani lilikuwa limeshafika. Nyuma yake Kocha Tak alishuka garini mwake, akatazama saa. Hasira zikampanda Yeon-suk mpaka masikioni. Akainama, akaanza kufungua kamba.

"Mwalimu Ma! Unafanya nini?"

"Nafungua kamba, Mwalimu Mkuu. Kuna mechi."

"Huoni shimo?"

"Nimeliona. Na aliyelichoma nimemwona. Hakuwa na viatu vya meno."

"We dada, huna adabu!" Mwenyekiti alifoka. "Nyasi hizi ni za wahitimu!"

"Basi chezeni nyinyi. Timu ya ugeni ile pale, imeshavaa jezi. Mpira wa watoto ni wa wachezaji wanane tu, Mwenyekiti. Wewe utakaa namba ngapi?"

Wageni rasmi wakatazama viatu vyao. Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa mwenyekiti.

"Twende zetu tukale, baba," alimwambia mumewe. "Nyama inapoa."

Wakakibeba kichwa cha nguruwe, wakaingia nacho bwaloni, na Mwalimu Mkuu akawafuata, maana huyo kazi yake ilikuwa kufuata.

Mechi ikachezwa. Hadi dakika za mwisho ilikuwa bao moja kwa moja, ndipo Dan-bi akaangushwa kwenye eneo la hatari. Mwamuzi akaonyesha penalti, goli la kaskazini.

"Mwalimu! Alama haipo!"

"Weka kwenye shimo! Alama ndiyo hiyo!"

Dan-bi aliuweka mpira mahali palipokuwa bado pananuka pombe na plastiki. Ulitulia humo, haukuyumba. Akarudi nyuma, akapiga chini kushoto. Wavu ukacheza.

Kocha Tak akamsogelea Yeon-suk. "Huyo namba saba, wazazi wake nawapata wapi?"

Kabla hajajibu, mlango wa bwalo ulifunguliwa. Mwenyekiti alitoka na bakuli la pombe mkononi na nyama mdomoni, akawaona wasichana wamelaliana juu ya Dan-bi kwa furaha.

"Mmeona?" alipaza sauti. "Si niliwaambia? Tambiko limekubaliwa!"

Yeon-suk alikuwa na jibu, tena lenye ncha. Lakini Dan-bi alikuwa anamjia mbio, mikono imetanuka, ana majivu ya dua kwenye kiatu. Yeon-suk akalimeza jibu lake, akamgeukia Mwenyekiti, akampigia makofi. Mawili tu.