Mpaka wa Wilaya ya Kumi na Nne

Mtu anayejipeleka mwenyewe kwenye kodi kubwa, ama amerukwa na akili ama ana hila. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa Kaunti ya Sandy Fork waliposikia kwamba Ladimir Sedlak ameiandikia bodi ya kaunti, akiomba shamba lake litolewe katika wilaya ya shule namba kumi na nne na liingizwe katika wilaya ya mjini Bellmere. Kodi ya shule ya mjini ni karibu mara mbili. Hakuna mkulima wa Nebraska aliyewahi kuomba kitu kama hicho akiwa na akili zake, na Ladimir hata pombe hanywi.

Basi siku ya kikao, mwezi wa Julai, ngano imeshavunwa na watu wana nafasi ya kufuatilia mambo ya wenzao, chumba cha bodi kilijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Feni ilizunguka juu bila msaada wowote. Mbele walikaa wajumbe watatu, na katikati yao mwenyekiti, Viola Hruby, mama wa miaka sitini na ushei, mfuga nguruwe, mtu wa maneno machache na macho makali. Pembeni alikaa Norbert, karani wa kaunti, na ramani zake. Ladimir alikuwa benchi la kwanza peke yake, kofia magotini. Safu zote nyuma yake zilikuwa za majirani waliokuja kumpinga.

Wa kwanza kusimama alikuwa Delmar Kruse, jirani yake wa uzio kwa uzio, msimamizi wa shule ndogo ya wilaya ile ya kumi na nne.

"Bi Mwenyekiti, shule yetu ina watoto tisa na mwalimu mmoja. Wanne katika hao tisa ni wangu, sifichi. Shamba la huyu bwana ndilo linalobeba robo ya kodi yetu. Likitoka, kabla ya Krismasi tunafunga mlango. Sasa mimi namuuliza, tumekukosea nini, Ladimir? Marehemu mkeo alifundisha pale! Au kuna kampuni imekuahidi kununua shamba? Sema tu, jirani, usituonee haya."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Ladimir alikisikia mgongoni.

"Ladimir," Viola akasema, "sababu yako ni ipi?"

"Ardhi ni yangu."

"Hilo tunalijua. Nimekuuliza sababu."

"Ombi nimeshaandika, Viola. Limekamilika."

"Halijakamilika," Norbert akadakia, akiipepea ile karatasi. "Pale pa sababu umepaacha peupe kama theluji."

Ladimir akaigeuza kofia magotini. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Sababu ilikuwapo, tena ilikuwa na miaka sita, iko nyumbani inacheza na mbwa. Ilikuwa ni Jolene, mjukuu wake. Mama yake, binti pekee wa Ladimir, gari lilimteleza kwenye barafu mwezi wa Februari, akafa, na tangu siku ile mtoto akawa wa babu. Jolene alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa na alama za mkono kama ishirini tu, za maziwa, kitanda, mbwa, mambo kama hayo, na babu mtu alikuwa amezishika kumi. Mtoto akiamka analia, Ladimir alimbeba tu mpaka anyamaze, maana hakuwa na njia ya kumuuliza analilia nini.

Mwezi wa Mei mama wa ustawi wa jamii alileta barua. Mtoto asipopata shule inayomfaa kufikia siku ya kufungua shule, atapelekwa bweni la viziwi Omaha, mwendo wa saa sita. Mjini Bellmere walikuwa wamemwajiri mwalimu aliyelelewa na wazazi viziwi, anayejua lugha ya alama kama mimi na wewe tunavyojua kula. Lakini nafasi zake ni za watoto wa wilaya ya mjini tu. Ladimir aliuliza mara tatu, na mara tatu akajibiwa hivyo hivyo.

Sasa mtasema, si angesema tu? Hamuwajui akina Sedlak! Baba yake alizika watoto wawili, majirani wakapata habari jeneza limeshafunikwa. Kwao kutaja shida mbele za watu ni sawa na kunyoosha bakuli. Tena Ladimir aliogopa jambo jingine kubwa zaidi: kwamba akifungua kinywa kulitaja jina la binti yake mbele ya umati ule, atalia. Kiburi hicho mimi nakiita ujinga, lakini nani kaniuliza.

Viola akafunga faili. "Tutakwenda kuona shamba kesho asubuhi. Delmar, na wewe njoo, kwa kuwa ndiwe mpinzani."

Bodi ya kule ikienda kuona ardhi yenye kesi, ina mwiko mmoja. Hawali wala hawanywi cha mwenye kesi, hata maji. Kila mtu anaujua mwiko huo, na mwenye nyumba hana haja ya kupika. Ladimir naye aliujua. Lakini kuna mtu mmoja pale nyumbani ambaye hakuna aliyeweza kumweleza.

Walipofika walisimama uani, wakatazama mahindi yaliyopita vichwa vyao, wakatazama ramani. Mara mlango ukafunguliwa, akatoka Jolene na sahani ya kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, alizooka Ladimir jana yake. Wageni wamekuja, wageni hulishwa. Hilo alilijua vizuri. Akamsogezea Viola sahani.

"Asante mwanangu, siwezi," Viola akasema.

Mtoto akabaki ameinua sahani. Akamsogezea mjumbe wa pili, akatikisa kichwa. Akamsogezea wa tatu, naye akatikisa. Norbert akajifanya anasoma ramani. Mtoto akarudi kwa Viola, akaiinua sahani juu zaidi.

"We mtoto," Delmar akasema, ameshachoka na jua, "huwezi kusikia? Watu wamekwambia hawali."

"Ndiyo," Ladimir akasema. "Hawezi kusikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka mbele ya jirani yeyote. Na likishatoka la kwanza, mengine hufuata yenyewe. Aliyasema yote pale uani, barafu, binti, barua, Omaha, mwalimu, huku akitazama chini. Akalia, kama alivyokuwa ameogopa. Hakufa.

Delmar alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa ameishi mita mia tano kutoka kwa mtoto yule tangu Februari, akidhani ni mwenye haya tu. Akachuchumaa mbele yake. Yeye si mjumbe wa bodi, mwiko haumhusu. Akachukua kolache moja akala, akachukua ya pili akala, kisha akajilamba vidole kwa fujo, na Jolene akacheka, cheko lake lile la sauti nene lisilojijua. Viola akageuka akatazama mahindi.

Kesho yake bodi ilikaa tena. Chumba kilijaa vilevile, ila safari hii hakuna aliyecheka, maana habari kule hazihitaji simu.

"Nimekosa usingizi," Viola akasema. "Nawaambieni wazi. Nikilitoa shamba hili, watoto tisa wanakosa shule. Nisipolitoa, huyu mmoja anachukuliwa. Wenzangu nao wamekosa usingizi. Kura zetu ni tatu, na zote tatu zinakataa. Pole sana, Ladimir. Sheria inasema mtoto husoma katika wilaya anamolala, na siwezi kuibadilisha. Ningeweza ningeshafanya."

Ladimir akainamisha kichwa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu wiki alizobaki nazo na mtoto, zikawa tano.

"Samahani, Bi Mwenyekiti," ilikuwa sauti ya Delmar huko nyuma. "Huo mpaka wa wilaya unapita wapi hasa?"

Norbert akakunjua ramani. "Katikati ya barabara ya kaunti, mbele ya nyumba yake. Magharibi ni kumi na nne, mashariki ni mji."

"Na mashariki ya barabara ni shamba la nani?"

"La kwake pia. Kile kipande cha malisho, kiko katika wilaya ya mji tangu zamani."

"Kwa hiyo umesema, Bi Viola, anamolala."

"Anamolala. Na usije ukaniambia mtamtandikia kitanda malishoni, Delmar. Lazima iwe nyumba, yenye moshi na anwani."

"Nani kasema kitanda?" Delmar akajibu. "Nasema nyumba yake yenyewe, tuivushe barabara. Ina vyumba vinne, ni ya mbao, ghorofa haina. Baba yangu alihamisha kanisa zima na kengele yake ndani! Shule yenyewe tunayoigombania imehama mara mbili. Tutashindwa na kajumba ka huyu mzee mbishi?"

Viola alimtazama, kisha akawatazama wenzake. "Bodi husimamia mipaka," akasema taratibu. "Nyumba za watu hazituhusu. Kikao kimefungwa."

Ladimir aligeuka kumtazama Delmar, kinywa wazi. "Jirani, mimi sina cha..."

"Nyamaza, bwana. Kunyamaza si ndiyo kazi yako? Jumamosi toa makochi barazani."

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza walichimba msingi mpya malishoni na kuvuta maji. Ya pili walibomoa dohani na kupitisha mihimili chini ya sakafu. Ya tatu, mafundi wa umeme wakakata waya, jeki kumi na sita zikapanda pamoja kwa kuhesabiwa, na matrekta matatu yakaivuta. Familia zote za wale watoto tisa zilikuwapo. Delmar, kwa kuringia ufundi wa baba yake, aliacha kikombe cha kahawa kimejaa pomoni juu ya meza ya jikoni, na kila baada ya hatua kumi alikimbia dirishani kuchungulia. Kilimwagika, tena chote. Watu wakamtania mpaka jioni.

Wakati nyumba inakata barabara, Ladimir alimshika Jolene mkono. Mtoto hakusikia injini, lakini ardhi ilitetemeka, akavua viatu ili aisikie kwa nyayo. Viola Hruby alikuwa amesimama hapo, na kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha, alikuwa na kolache kila mkono.

Shule ikafunguliwa. Basi la mji likasimama mbele ya nyumba, na Jolene akapanda bila kugeuka nyuma, jambo lililomuuma babu yake na kumfurahisha kwa wakati mmoja.

Wiki ya nne, wakiwa mezani, mikono ya mtoto haikutulia. Alikuwa ameleta barua ya mwalimu iliyosema kwamba kati ya viziwi, kila mtu hupewa jina la mkono kutokana na jinsi alivyo, na kwamba Jolene ameanza kuwapa watu majina. Akamwonyesha. Dereva wa basi alikuwa tumbo kubwa. Delmar alikuwa viganja viwili vinavyosukuma kitu kizito. Mama yake alikuwa nywele ndefu zinazoshuka begani, na alilifanya hilo mara mbili, polepole, akimtazama babu kuona kama amemtambua. Alimtambua. Alitikisa kichwa kukubali mpaka macho yakajaa.

Kisha Ladimir akajigusa kifua. Na mimi?

Jolene hakufikiri hata kidogo. Alikusanya vidole vyake, akabana midomo yake miwili, ikafungwa kabisa.

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamkwama. "Ndiyo mimi huyo," akasema kwa sauti. "Ndiyo mimi, mwanangu. Nusura nikupoteze." Akaunyoosha mkono, akavishika vidole vya mtoto, akajaribu kuvifungua kutoka midomoni, kumwomba jina jingine.

Jolene akautoa mkono wake, akatikisa kichwa. Jina ni jina. Akavibana vidole vya babu yake, akavipeleka kwenye midomo ya mzee mwenyewe, akamfundisha mpaka akalijua.